Maji, Mbu na Homa: Karne Mbili za Afrika Mashariki

Mwaka 1870 Unguja ilikuwa bado msibani. Kipindupindu kilichoingia mwishoni mwa 1869 kilikuwa kimezoa maelfu ya watu, na makaburi mapya yalikuwa hayajaota majani. Kabla watu hawajapumua, homa nyingine ikashuka mjini. Hii haikuua kama ile ya kwanza, lakini nyumba iliyoingia haikumwacha mtu. Mchukuzi aliyeamka na nguvu zake alfajiri, adhuhuri alikuwa amelala chali, magoti na vifundo vikimwuma hata asiweze kujigeuza. Homa ikaondoka baada ya siku chache, ila maumivu ya viungo yakabaki kwa wiki nyingi, na kwa wengine kwa miezi.

James Christie, daktari Mskoti aliyekuwa tabibu wa Sultani, aliwauliza wazee wa mji. Wakamwambia kwamba homa hiyo si ngeni, iliwahi kupita kisiwani mnamo 1823, na wana jina lake: kidinga pepo. Christie aliyaandika hayo na kuyachapisha Uingereza, na ni kwa maandishi yake tunajua kwamba Pwani yetu ina kumbukumbu ya homa za mbu inayofikia miaka 200. Kwa jinsi alivyoyaeleza maumivu yale ya viungo, wataalamu wengi wa leo huona kwamba huenda ilikuwa chikungunya na si dengue. Yote mawili ni magonjwa ya virusi, na yote mawili hubebwa na mbu mmoja, Aedes aegypti, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, anayeuma mchana na kutaga mayai katika maji yaliyotulia ndani ya vyombo vya nyumbani.

Unguja ya siku zile ilikuwa makazi mema kwa mbu huyu. Watu walijaa, kila ua ulikuwa na mitungi na mapipa, na bandarini vyombo vilijaza maji ya safari kabla ya kutweka tanga. Chombo kimoja kiliweza kubeba kwa pamoja mgonjwa, mbu, na maji ya kumzaa mbu mwingine. Mwaka 1871 homa ilikuwa imefika Aden. Ikapanda Bahari ya Shamu hadi Jidda na Makka, na kufikia 1872 ilikuwa imeenea India.

Hakuna aliyemshuku mbu. Madaktari waliulaumu uvundo wa hewa. Hata hivyo Seyyid Barghash, aliyekalia kiti mwaka huohuo wa 1870, baadaye alijenga mfereji wa kuleta maji mjini kutoka chemchemi za nje ya mji. Nia ilikuwa watu wapate maji safi. Lakini mji wenye maji yanayotiririka hauna haja ya kuyalimbikiza siku nyingi katika mitungi, na hilo ndilo somo linalorudi mara kwa mara katika historia hii.

Lamu nako waliojenga nyumba za mawe walikuwa na hekima yao. Ndani ya birika la chooni walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakapachika sahani ya kaure ili maji yakipungua samaki wabakiwe na mahali pa kuishi. Hawakujua habari za virusi. Walijua kwamba maji yasiyolindwa huzaa mbu, na ulinzi wakauweka ndani ya ujenzi wa nyumba yenyewe.

Mbu atambuliwa

Mwaka 1881, mjini Havana nchini Cuba, daktari Carlos Finlay alitamka hadharani kwamba homa ya manjano huenezwa na mbu. Kwa karibu miaka 20 hakusikilizwa. Mwaka 1900 tume ya madaktari wa jeshi la Marekani, ikiongozwa na Walter Reed, ilithibitisha kwamba alisema kweli. Mwaka uliofuata William Gorgas, aliyesimamia afya ya mji huo, aligawa vikosi vipite nyumba kwa nyumba. Kila pipa lilifunikwa, madimbwi yalitiwa mafuta, na wagonjwa wakawekwa ndani ya wavu ili mbu asiwaguse. Homa ya manjano ilikuwa imekaa Havana zaidi ya karne nzima. Kabla ya 1901 kwisha ilikuwa imeondoka, wakati chanjo wala dawa yake haijapatikana.

Njia hiyo ilifika kwetu chini ya utawala wa kikoloni. Katika miji ya Pwani mabwana afya walipita wakikagua nyua, wakimwaga mitungi yenye viluwiluwi, wakitia mafuta katika visima na karo, na kuwatoza faini wenye nyumba. Pale ilipofanywa kwa bidii ilisaidia. Kasoro yake ilikuwa kwamba ilikwenda kwa amri zaidi kuliko kwa maelezo. Mwenye nyumba alimwogopa bwana afya kuliko mbu, na ukaguzi ulipolegea, mitungi ilirudi ilivyokuwa.

Entebbe na misitu yake

Mwaka 1936 Wakfu wa Rockefeller wa Marekani ulifungua Entebbe, Uganda, taasisi ya kuchunguza homa ya manjano. Ndege zilikuwa zimeanza kuunganisha Afrika na Asia, na serikali ya Uingereza ilihofia kwamba abiria mmoja au mbu mmoja angeweza kuifikisha homa hiyo India, nchi yenye mbu tele na watu wasio na kinga.

Watafiti wa Entebbe walipiga kambi Bwamba, chini ya Milima ya Ruwenzori. Alexander Haddow na wenzake walijenga majukwaa juu ya miti na kuwaweka wakamataji wa mbu kwa zamu, mchana na usiku, chini ya miti na juu vileleni. Taratibu mzunguko wa homa ya manjano ukafunuka. Vileleni aliishi Aedes africanus, anayewauma nyani na kima jioni wanapopanda kulala. Wanyama hao wakishuka kuiba ndizi mashambani, hukutana na mbu mwingine, Aedes simpsoni, anayezaliana katika maji kidogo yanayotuama kwenye makutano ya majani ya mgomba. Huyo wa pili ndiye aliyeitoa homa kwa kima na kumpa mkulima. Hivyo ugonjwa mmoja ulihusu msitu, shamba, mnyama na binadamu kwa pamoja, na daktari aliyekaa hospitalini peke yake asingeweza kuuona wote.

Taasisi hiyo iligundua virusi vingi. Mwaka 1937 virusi vya West Nile vilipatikana katika damu ya mwanamke wa wilaya iliyoitwa kwa jina hilo, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Aprili 1947, katika msitu mdogo wa Zika kando ya barabara ya Entebbe, tumbili aliyewekwa kizimbani juu ya mti alipandwa na homa, na damu yake ikatoa virusi ambavyo havijawahi kuonekana. Mwaka uliofuata virusi hivyohivyo vilipatikana ndani ya mbu wa msitu huo. Kwa miongo mingi Zika ilionekana ugonjwa mwepesi usiostahili kufuatiliwa. Mwaka 2015 ililipuka Brazil na kufuatiwa na watoto waliozaliwa na vichwa vidogo na ubongo ulioharibika, na Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa.

Silaha kubwa ya zama hizo ilikuwa chanjo ya homa ya manjano, iliyopatikana mwaka 1937 kwa kazi ya Max Theiler na wenzake. Dozi moja humlinda mtu maisha yake yote. Lakini chanjo iliyo ghalani haimkingi aliye kijijini. Kati ya 1960 na 1962 homa ya manjano ilizuka kusini-magharibi mwa Ethiopia kwa watu wasiochanjwa. Inakadiriwa kwamba watu 100,000 waliugua na 30,000 wakafa. Hadi leo hilo ni miongoni mwa maafa makubwa kabisa yaliyoletwa na mbu katika eneo letu.

Newala, 1952

Katikati ya 1952 wagonjwa walianza kujaa katika zahanati za Newala, Jimbo la Kusini la Tanganyika. Homa iliwapiga ghafla, na viungo viliuma hata watu wakatembea wameinama. Vijiji vizima vya Uwanda wa Makonde viliugua kwa pamoja. Marion Robinson aliandika dalili za ugonjwa. W. H. R. Lumsden wa Entebbe alichunguza ulivyoenea. R. W. Ross alivitenga virusi kutoka katika damu ya wagonjwa na kutoka kwa mbu waliokamatwa majumbani. Dunia ikaupokea ugonjwa huo kwa jina lake la Kimakonde, chikungunya.

Jambo kubwa katika uchunguzi wa Newala lilikuwa maji. Uwanda ule uko juu, na ardhi yake hunywa mvua yote bila kuacha mto wala kijito. Wanawake walishuka mabondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani. Maji yaliyopatikana kwa jasho la namna hiyo hayamwagwi ovyo. Yaliwekwa ndani ya nyumba siku nyingi, katika mitungi na vyungu. Humo ndimo Aedes aegypti alimozaliana, hatua chache kutoka kitandani. Anayemlaumu mama wa Kimakonde kwa kuhifadhi maji hajauelewa ugonjwa huu. Kilichoifanya Newala iugue kilikuwa umbali wa kisima.

Mwaka 1959 kaskazini mwa Uganda ulizuka ugonjwa wa ukoo uleule, o'nyong-nyong. Ukapita Kenya, Tanganyika na nchi jirani, na hadi 1962 ulikuwa umewashika watu wanaokadiriwa kufika milioni 2. Huu ulibebwa na Anopheles, mbu wa malaria anayeuma usiku. Kwa hiyo chandarua, ambacho hakimfai sana mtu dhidi ya mbu wa mchana, hapa kilikuwa kinga ya kweli. Mbu wawili wenye tabia mbili hudai kinga mbili, na mpango unaomtazama mmoja tu humwachia mwingine mlango wazi.

Baada ya uhuru, Tanzania ilijaribu jambo ambalo ukoloni haukulijaribu kwa kiwango hicho. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio vijijini. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakashika majembe: wakafyeka nyasi karibu na nyumba, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo. Kampeni hiyo haikulenga virusi, lakini ilithibitisha kwamba mwananchi anayejua sababu hufanya kwa hiari kazi ambayo faini haikuweza kumlazimisha kuifanya.

Homa ya Bonde la Ufa

Wakati Newala iliugua kwa uhaba wa maji, Bonde la Ufa liliugua kwa wingi wake. Mwaka 1930, katika shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, kondoo walianza kutupa mimba na wanakondoo wakafa kwa mamia. Wachungaji waliowahudumia nao wakashikwa na homa. Robert Daubney na J. R. Hudson wa maabara ya mifugo ya Kabete, pamoja na P. C. Garnham, walitoa ripoti yao mwaka 1931, wakaeleza ugonjwa mpya wa virusi na kumtaja mbu kuwa mshukiwa.

Kilichowasumbua wataalamu ni jinsi ugonjwa huo ulivyopotea kwa miaka, kisha ukarudi ghafla. Ulikuwa unajificha wapi? Jibu lilikuja katika miaka ya 1980. Kenneth Linthicum, Glyn Davies na wenzao walikusanya viluwiluwi katika mabonde madogo ya Kenya yanayojaa maji wakati wa mvua kubwa, wakavilea hadi vikawa mbu, na mbu hao walikuwa na virusi kabla ya kumwuma mnyama yeyote. Mama mbu alikuwa amevirithisha kupitia mayai. Mayai hayo hulala katika udongo mkavu miaka na miaka, na mafuriko yakija huanguliwa kwa wingi kwa mara moja.

Mwishoni mwa 1997 mvua za El Niño zilifanya mafuriko makubwa kaskazini-mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia. Barabara zilikatika. Ngamia, mbuzi na kondoo walitupa mimba, na watu wakafa wakitoka damu. Katika wilaya ya Garissa peke yake inakadiriwa kwamba watu 27,500 waliambukizwa. Mwaka 2000 ugonjwa ukavuka bahari na kuzuka Saudia na Yemen, mara ya kwanza kuonekana nje ya Afrika. Saudia ikafunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika, na familia za wafugaji ambazo hazikuwa na mgonjwa hata mmoja zikapoteza riziki.

Mwaka 1999 Linthicum na wenzake walionyesha kwamba joto la Bahari ya Hindi na ya Pasifiki, pamoja na picha za setilaiti zinazoonyesha nchi ilivyochipua majani, vingeweza kuutabiri mlipuko miezi kabla haujaja. Ubashiri huo ulitumika mwaka 2006. Wataalamu, akiwemo Assaf Anyamba wa kituo cha NASA cha Goddard, walitoa onyo wiki kadhaa kabla mgonjwa wa kwanza hajatambuliwa Garissa mwezi Desemba. Onyo lilikuja kwa wakati, ila hatua hazikwenda kwa mwendo wake. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliua watu zaidi ya 150 Kenya na zaidi ya 100 Tanzania, ambako Dodoma iliumia kuliko mikoa mingine. Hasara ya uchumi wa Kenya ilikadiriwa kufika shilingi bilioni 2.1: minada imefungwa, machinjio kimya, wachuuzi wa maziwa hawana wateja.

Baadaye watafiti walikwenda kuwasikiliza wafugaji wa Kisomali wa kaskazini-mashariki mwa Kenya, na walichosimuliwa kinastahili kukumbukwa katika kila ofisi ya afya. Kuanzia mvua kubwa hadi makundi ya mbu kutokea zilipita kama siku 24. Kutoka hapo hadi mnyama wa kwanza kuugua, siku 17 hivi. Kutoka mnyama wa kwanza hadi mtu wa kwanza, nyingine 17 au 18. Huduma za tiba zilifika takriban siku 50 baada ya mnyama wa kwanza kuugua, na huduma za mifugo siku 62. Mfugaji aliiona mvua, akawaona mbu, akaziona mimba zikitupwa, na alijua kinachokuja. Habari ilikuwepo tangu siku ya kwanza malishoni, lakini hapakuwa na njia ya kuifikisha kwa mwenye chanjo.

Na chanjo ya ugonjwa huu haitaki kuchelewa. Ile ya zamani, iliyotokana na virusi ambavyo Kenneth Smithburn wa Entebbe alivipata kwa mbu wa msitu wa Semliki miaka ya 1940, huweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe. Tena mlipuko ukishaanza, sindano inayotoka kwa mnyama mmoja kwenda kwa mwingine huweza yenyewe kueneza virusi. Ili ifae lazima itolewe mapema, na ili itolewe mapema lazima mtabiri wa hali ya hewa, daktari wa mifugo, daktari wa watu na mfugaji wawe wanazungumza kabla ya mvua kunyesha.

Serikali zilijifunza. Mwaka 2011 Kenya iliunda kitengo kimoja cha wizara za afya na mifugo kwa ajili ya magonjwa ambayo watu na wanyama huambukizana. Tanzania nayo iliweka dawati la Afya Moja katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Ugonjwa haujatoweka, ulizuka Kabale nchini Uganda mwaka 2016, na kaskazini mwa Kenya mwaka 2018. Lakini sasa taarifa ya mifugo na ya watu zina meza moja ya kukutania.

Kiu ya Lamu, homa ya bahari nzima

Mwaka 2004 Lamu ilipata ukame na joto lisilo la kawaida. Visima vilipungua, watu wakajaza madumu na mapipa, na yale machache yaliyopatikana yakatunzwa siku nyingi bila kubadilishwa. Chikungunya ikaingia. Uchunguzi wa damu ulionyesha baadaye kwamba watatu kati ya kila wakazi wanne walikuwa wameambukizwa. Miaka zaidi ya 50 ilikuwa imepita tangu Newala. Sababu ilikuwa ileile.

Kutoka Lamu na Mombasa ugonjwa ulifika Komoro mwaka 2005, kisha kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliugua. Njiani virusi vilipata badiliko dogo lililoviwezesha kubebwa vyema na mbu mwingine, Aedes albopictus, anayevumilia baridi. Mwaka 2006 India ilikuwa na wagonjwa zaidi ya milioni moja, na mwaka 2007 vijiji vya Italia vikaugua. Ukosefu wa maji katika kisiwa kimoja cha Kenya ukawa sehemu ya chanzo cha homa ya mabara matatu.

Dar es Salaam na dengue

Dengue ilithibitishwa Malindi na Kilifi mwaka 1982. Dar es Salaam iliuguza wagonjwa mwaka 2010, na mwaka 2014, hasa Kinondoni, waliothibitishwa walipita 1,000. Mwaka 2019 Tanzania ilihesabu wagonjwa zaidi ya 6,000, wengi wao wa Dar es Salaam.

Mji uliokua haraka ulimtengenezea mbu mitungi mipya: matairi chakavu kwenye gereji, makopo ya plastiki, vifuu vya nazi, sahani za vyungu vya maua, madumu ya maji ya akiba pale bomba linapotoa mara mbili kwa wiki. Hospitalini kulikuwa na tatizo jingine. Kwa vizazi vingi kila homa ilikuwa malaria mpaka ithibitike vingine, na mgonjwa wa dengue aliweza kunywa dawa ya mseto bure huku hali yake ikiharibika. Tena dengue haina dawa yake mahususi. Mgonjwa huokolewa kwa kugunduliwa mapema, kupewa maji ya kutosha na kuangaliwa kwa makini, na aspirini au diklofenaki anazonunua dukani kutuliza maumivu zinaweza kumzidishia kutoka damu. Maabara ni silaha kama ilivyo dawa ya kupulizia.

Mji haukukaa bure. Tangu 2004 mpango wa kudhibiti malaria mijini uliwatumia vijana wa mitaa yenyewe kutafuta madimbwi na kuyatia kiuaviluwiluwi kinachotokana na bakteria, kisichomdhuru mtu wala samaki. Kibaha kilijengwa kiwanda cha kutengeneza dawa hiyo kwa utaalamu wa Cuba. Lakini dawa ya dimbwini humlenga zaidi mbu wa malaria. Mbu wa dengue yumo ndani ya ua, katika kopo na dumu, na huko mfanyakazi wa halmashauri hafiki kila wiki. Anafika mwenye nyumba tu.

Kilichoshinda na kilichoshindwa

Kuna funzo la mwisho, nalo ni la Amerika. Mwaka 1947 nchi za bara hilo ziliazimia kumwangamiza Aedes aegypti, na kufikia 1962 nchi 18 zilitangazwa kuwa zimemfuta. Ushindi ukaleta usingizi. Bajeti zikapunguzwa, wakaguzi wakaachishwa kazi, mbu akarudi. Mwaka 1981 Cuba ilipata wagonjwa wa dengue 344,203, na watu 158 wakafa, wengi wao watoto. Cuba ilihamasisha nchi nzima na ndani ya miezi michache ikauzima mlipuko, lakini waliokufa hawakurudi.

Siku hizi zimekuja mbinu mpya. Katika jiji la Yogyakarta, Indonesia, mbu waliopandikizwa bakteria wa Wolbachia, wanaozuia virusi kukua ndani ya mbu, waliachiwa mitaani, na dengue ikapungua kwa asilimia 77. Ni habari njema, nasi tuipokee. Lakini hakuna mbinu moja iliyomaliza kazi peke yake popote pale. Chanjo ilikuwepo, Ethiopia ikafa. Setilaiti ilionya, Garissa ikaugua. Mabwana afya walitoza faini, mitungi ikarudi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hukumu ya karne hizi mbili iko wazi. Homa za mbu zilipungua pale maji ya bomba, ukaguzi wa nyumba, maabara, chanjo, utabiri wa mvua na elimu kwa wananchi vilipokwenda pamoja, tena bila kukoma mlipuko ulipokwisha. Kwa hiyo mhandisi wa maji ni mtumishi wa afya. Mzoa taka ni mtumishi wa afya. Mchungaji anayepiga simu kusema mbuzi wametupa mimba ni mtumishi wa afya, na simu yake ipokelewe siku hiyohiyo. Madiwani na wabunge wanaopitisha bajeti waitenge ya mbu wakati wa kiangazi, wagonjwa wakiwa hawapo, kwa maana mvua ikishanyesha muda wa kujiandaa umekwisha.

Nawe msomaji, una sehemu yako. Yai la Aedes huwa mbu kamili kwa takriban wiki moja hadi siku kumi. Chagua siku moja katika wiki, uzungukie ua wako. Mwaga maji ya makopo, matairi na sahani za maua. Funika mapipa na madumu. Vyombo vya maji visugue kuta zake za ndani, kwa sababu mayai hung'ang'ania humo na huweza kukaa makavu kwa miezi bila kufa. Mgonjwa akiwa na homa na kipimo cha malaria kikaonyesha hana, usimpe dawa ya malaria; mrudishe kituoni aulizwe dengue na chikungunya. Kisha mwambie jirani naye afanye hivyo, kwa sababu mbu aliyezaliwa kwake ndiye atakayekuuma wewe.